Mitungi Sita

Dalali alikuja kutoka Telavi, viatu vyembamba topeni,
akasema: Ondoa picha ukutani, mama,
mnunuzi aione nyumba, asikuone wewe.
Nimeziondoa.
Zilipokuwa pamebaki miraba myeupe,
na Vazha sasa anaonekana zaidi.

Akasema tena: Siku ya kuja watu, oka mkate,
harufu huuza kuliko rangi.
Miaka arobaini na mitatu nimeoka hapa
bila kujua kuwa nilikuwa dukani.

Levani hupiga simu kutoka Gdansk, usiku, akitoka zamu:
Chukua kinachoingia kwenye gari la Gocha, basi.
Gari la Gocha!
Linaingia kitanda, cherehani,
magunia mawili ya jozi, sufuria ya jamu,
nami nikikunja magoti.
Hakiingii kidato cha tatu cha ngazi, kile kinacholia,
nilichomkataza Vazha kukipigilia msumari
ili nijue mtoto karudi saa ngapi.

Leo nimefunga vikombe kwa magazeti ya zamani
nikajikuta nasoma bei ya sukari
ya mwaka ambao siukumbuki.
Saa nzima. Kikombe kimoja.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.
Nami nimelala, nazijua zote:
bati linalovuja juu ya kabati, mvua ikitoka kaskazini tu;
dirisha la jikoni, ambalo hufunguka likitukanwa;
panya wa darini, mjukuu wa vitukuu vya panya
aliyenikuta hapa nikiwa bibi harusi.
Mkataba haukuuliza. Sikusema.

Lakini mitungi.
Sita, chini ya sakafu ya ghala la mvinyo,
imezikwa hadi shingoni
tangu babu yake Vazha hajaota ndevu.
Karatasi inasema: vyote visivyohamishika.
Neno moja, na limemaliza kila kitu.

Nilipoolewa nilikuwa mwembamba kama ufito,
basi kazi ikawa yangu.
Baba mkwe alinishusha kwa kamba ndani ya mtungi mkubwa,
mkononi brashi ya magome ya mcheri,
puani nta na mwaka uliopita.
Imba, akaniambia kutoka juu, nijue hujazimia.
Nyimbo za ukoo wao sikuzijua bado.
Nikaimba jedwali la saba.
Saba mara saba, arobaini na tisa,
na udongo ukanijibu kwa sauti ya kiume, nzito,
haukukosea hata mara moja.

Wanunuzi walikuja Jumamosi, watu wa Tbilisi, wapole.
Wanataka nyumba ya wageni, vyumba vinane.
Tornike alipima ghala kwa hatua zake:
Haya mashimo yanafukika kwa zege?
Nikatazama mkate wangu, haukunisaidia.

Binti yao, Barbare, hana hata meno ya mbele,
alikwishalala kifudifudi,
kichwa chote kimezama shingoni mwa mtungi.
Nani yumo? akaita.
*Yumo*, ukasema mtungi. *Yumo.*
Akainuka polepole, vumbi kidevuni,
akamtazama baba yake kama mtu
aliyemsikia akitaka kuua.

Sijui watafanya nini. Sikuuliza,
bei tulikwisha kupatana, na dada yangu Eteri
amekwisha nitolea nusu ya kabati huko Rustavi,
ghorofa ya tatu, lifti ni ya kubahatisha.

Ijumaa natia saini.
Mitungi mitano nimeisugua kwa brashi ya mpini mrefu,
mwili wangu siku hizi haupiti.
Wa sita sikuugusa. Umefungwa kwa jiwe na udongo,
na alama ya kidole gumba cha Vazha pembeni,
mavuno yake ya mwisho.

Nimeandika kikaratasi, nimekiweka chini ya ufunguo:
Mtungi wa sita si mtupu. Mkiufungua, muwe wengi.
Dirisha la jikoni mtaelewana nalo.
Na lango, liinueni kidogo kwanza,
ndipo mlisukume.